Moyo Nyuma ya Blanketi

Siku mliyoniaga mlinikatia keki, mkanivisha kitenge, na mkuu wa idara akasema mengi mazuri juu yangu, mengine nikiyasikia kwa mara ya kwanza. Kisha Neema, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti changu, akaninong'oneza kwamba nikiondoka na yaliyomo kichwani mwangu ninyi mtabakiwa na mashine tu. Basi haya ndiyo yaliyomo. Vyeo sitavieleza, maana sikuwa navyo vingi, wala mshahara, maana wenu ni ule ule. Nitaeleza jinsi tulivyopima mioyo ya watu wa Njombe na Makambako, na jinsi heshima, kitu kizuri kabisa nilichofundishwa na mama yangu, ilivyokaribia kumwacha binti yangu mjane.

Nilianzia chumba cha giza. Ninyi mnaobonyeza kitufe na picha ikatokea hapo hapo hamkijui. Tulikuwa tukishapiga eksirei tunaingia na filamu gizani, tunaichovya kwenye dawa, tunaisuuza, kisha tunaianika kwenye waya kama soksi. Maji ya Njombe mwezi wa saba mnajua yanavyouma kwa baridi. Siku yangu ya kwanza nilikuwa humo peke yangu, filamu za asubuhi nzima ziko mezani, mtu akabisha hodi. Tangu utoto nimefundishwa kwamba anayebisha hodi hukaribishwa. Nikamfungulia mlango, nikamwambia karibu, na mwanga ukaingia pamoja naye. Filamu zote zikawa nyeusi tii.

Mkuu wangu wa wakati huo hakunigombeza. Aliziangalia zile filamu moja moja, akasema kwamba katika kazi hii adabu ina mahali pake, na mahali pake ni nje ya mlango. Nilicheka kwa aibu nikadhani ni maneno ya kunifariji. Ilinichukua karibu maisha yote ya kazi kujua kwamba alikuwa ananipa somo.

Miaka ikapita, nikapiga eksirei za vifua, za mbavu zilizovunjwa na magogo, za watoto waliomeza vifungo. Halafu akaja Daktari Komba. Huyu alikuwa Mngoni mfupi, mpole, mwenye tabia ya kupiga mluzi wa nyimbo za kanisani akiwa anafikiri. Alikuja na mashine ya altrasaundi ya moyo, ile tunayoiita eko, akaiweka kwenye chumba cha pembeni, kisha akatuita wote tunyooshe mikono. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali. Akapita akitazama vidole vyetu, akafika kwangu, akasema, "Huyu hatetemeki. Huyu aende Dar akasome." Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa. Wengine walidhani nina ndugu wizarani.

Niliporudi na cheti nilijua majina ya kila ukuta wa moyo, lakini Daktari Komba alisema bado sijaelewa. Akanipeleka dirishani. Nyuma ya hospitali palikuwa na shamba, na kina mama walikuwa wamejipanga mstari wanalima pamoja huku mmoja anaimbisha.

"Wanainua jembe pamoja, sivyo?" akaniuliza.

"Ndiyo, daktari."

"Tuseme mmoja wao hajala tangu jana. Utamjuaje?"

Nikamwambia nitamwona amechoka.

"Sasa hivi hutamwona. Wanakwenda polepole, anajikaza, anafanana na wenzake. Ngoja yule anayeimbisha aongeze kasi. Hapo ndipo utamwona mmoja amebaki nyuma, jembe liko mkononi haliinuki. Na wakishakaa kupumzika, wote wanafanana tena."

Ndivyo ulivyo ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mshipa ukianza kuziba, kile kipande cha msuli kinachotegemea damu ya mshipa huo kinakaa na njaa. Mgonjwa akiwa amelala kitandani, kipande hicho kinacheza na wenzake bila tatizo, na ile ECG ya kubandika nyaya kifuani inaweza kutoka safi kama ya mtoto. Mpandishe kilima ndipo utakiona kinabaki nyuma. Na ukikiona, uwe umekiona mara moja, mgonjwa angali anahema, maana ndani ya dakika moja hivi moyo unatulia na ushahidi unapotea. Msiniambie mashine za siku hizi zina kasi. Moyo nao una kasi.

Kwa hiyo tukaletewa mashine ya kukimbilia, ile ya mkanda unaozunguka chini ya miguu. Ilikuja kwenye sanduku lenye picha ya kijana wa Ulaya aliyevaa kaptula, anatabasamu. Mgonjwa wetu wa kwanza hakuwa na kaptula wala hakutabasamu. Alikuwa Bibi Anyesi wa Yakobi, mkulima wa viazi, aliyelalamika kwamba kifua kinambana akitoka shamba. Tukamweka kwenye mkanda. Akatembea. Tukainua mwinuko, akatembea. Tukainua tena, akaendelea kumweleza Daktari Komba habari za mbegu mpya za viazi, bila hata kuhema. Moyo wake ulikuwa unapiga kama wa mtu aliyekaa barazani.

"Mwanangu, hii njia inakwenda wapi?" akaniuliza.

"Haiendi popote, bibi."

"Basi nipeni hata mzigo. Mtu mzima kutembea mikono mitupu, watu watasema nimekuwa mzururaji."

Daktari Komba alipiga mluzi ubeti mzima, kisha akamtuma muuguzi jikoni. Akaja na tenga la viazi. Tukamtwika Bibi Anyesi, akalishika kwa mkono mmoja, na hapo ndipo moyo wake ulipokubali kwamba sasa kuna kazi. Kumbe kwa watu wanaopanda vilima vya huku tangu wakiwa wamebebwa mgongoni, kilima kitupu si kipimo. Tangu siku ile tenga la viazi likawa kifaa cha idara. Alikuja mkaguzi mmoja akaliona limekaa kando ya mashine, akauliza ni la nini. Daktari Komba akamjibu bila kutabasamu kwamba ni kiambatanisho.

Tatizo la pili lilikuwa salamu. Mtu wa kwetu akiwa anatembea akakutana na mkubwa wake, anasimama. Haamkii huku anakwenda kama mwizi. Anasimama, anainama kidogo, anasema kamwene, anaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe. Sasa mkanda hausimami. Muuguzi mzee akiingia kuchukua pamba, mgonjwa anasimama kumsalimia, na mkanda unampeleka nyuma mpaka ukutani, bado anasema kamwene. Tukafunga mlango na kuweka tangazo: Mtu anapimwa, usisalimie. Watu walilisoma, kisha wakabisha hodi kuomba radhi kwamba hawatasalimia.

Nayaeleza haya ili mkifika kwa Festo muelewe kwamba hatukuwa wageni wa matatizo ya adabu.

Festo Sanga ni mume wa binti yangu, Upendo. Ni Mkinga, kwao ni Bulongwa, lakini maisha yake yako Makambako, ambako ana uwanja wa mbao karibu na reli. Ni mtu wa kazi. Wakinga ni watani zetu, na sisi Wabena husema Mkinga haugui siku ya soko. Na Makambako kila siku ni soko. Nilimpenda tangu siku ya barua ya posa, ila sikuwahi kumwambia, kwa sababu sikuwahi kumwambia kitu chochote.

Ninyi wa mjini mtacheka. Sisi ni Walutheri, tumesoma, tuna simu za kupangusa, lakini ukwe ni ukwe. Nyumbani kwetu mkwe wa kiume hampi mkono mama mkwe, hali naye meza moja, hamtazami usoni. Maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Festo alikuwa akija kwangu anamwambia mwanawe, "Mwambie bibi kwamba mvua imenyesha vizuri," nami nikiwa nimekaa palepale namwambia mjukuu, "Mwambie baba yako nimeiona." Na wakikutana njiani, mkwe hutoka njiani akasimama pembeni mpaka mama apite. Siku moja tulikutana sokoni Makambako, njia imebanwa na wauza nyanya. Festo aliingia katikati ya matenga ya watu, akasimama humo kichwa chini, nyanya zinapasuka chini ya buti zake, mpaka nikapita. Mwenye nyanya hakumlaumu. Alipoambiwa yule mama ni nani, alielewa.

Basi siku moja Upendo akanipigia simu. "Mama, Festo anashika kifua akipakia mbao. Akipumzika kinaacha. Anasema ni gesi."

Nikamuuliza kama amepimwa.

"Amepimwa ECG hapa Makambako, amelala kitandani. Imetoka nzuri. Ameibandika ukutani ofisini kwake, pembeni ya leseni ya biashara."

Nilijua maana yake. Baba yake Festo alianguka shambani Bulongwa akiwa na umri kama huo, jembe mkononi, na watu wakasema amerogwa. Nikamwambia Upendo amlete Njombe hata kwa kumdanganya. Akamdanganya kwamba kuna mteja wa mbao hospitalini. Si uongo sana, tulikuwa tunahitaji rafu.

Daktari Komba alimsikiliza, akampima, akampa dawa za kuanzia, akamwambia, "Bwana Sanga, hii si gesi. Gesi haijui tofauti ya ubao mmoja na mbao kumi. Tunataka tukutembeze, kisha tuutazame moyo wako ukiwa bado unahema."

"Hakuna shida, daktari. Nani anapima?"

Daktari Komba akakohoa. Neema, mwingine pekee aliyejua kushika eko, alikuwa kwao Ludewa na mtoto mchanga. Mkono wa kulia wa daktari mwenyewe ulikuwa kwenye plasta, maana alikuwa ameteleza kwenye matope ya Yakobi akitoka kumtembelea Bibi Anyesi, ambaye ni mzima mpaka leo. Picha aliweza kuisoma, ila kushika kile kichwa cha mashine na kukibana kifuani hakuweza. Nilibaki mimi, niliyekuwa nimejificha chumba cha pili.

Festo alisimama, akafunga vifungo vya shati lake vyote, hata kile cha shingoni kisichofungwa na mtu. "Daktari, mimi siwezi kumvulia shati mama."

"Basi nikuandikie uende Mbeya."

"Nitakwenda. Msimu wa mbao ukiisha."

Msimu wa mbao Makambako hauishi, na wote watatu tulilijua hilo, mimi nikiwa nyuma ya ukuta. Lakini niseme kweli, hata mimi sikutaka. Kumpaka jeli kifuani mwanamume aliyemwoa binti yangu, kumshika mbavu, kumwambia geukia kushoto? Nilimwomba Mungu amponye mapema Daktari Komba mkono. Mungu hakuona haraka.

Upendo alimbembeleza mumewe mpaka akakubali kwa masharti. Muuguzi angemwandaa. Mimi ningeingia mwishoni kabisa, kimya, yeye akiwa amefumba macho. Siku ikafika. Festo akapanda kwenye mkanda na tenga lake la viazi begani, Daktari Komba akisimamia, dawa za dharura na oksijeni vikiwa tayari. Nikasikia mwendo wake unaongezeka, naye anaanza kuhema. Daktari akaniita. Nikafungua mlango.

Sasa nani alimwambia Festo afumbue macho sijui. Alichoona ni mama mkwe wake anakuja mbele yake njiani. Akafanya alichofundishwa na mama yake: akatoka njiani akasimama pembeni. Lakini ile njia haikuwa na pembeni. Kilichofuata kilikuwa viazi, chumba kizima, vingine viliingia chini ya kabati na tuliendelea kuviokota mpaka vilipoanza kuota. Festo alikaa sakafuni katikati yake, kichwa chini, mzima bila jeraha. Daktari Komba alianza kuokota viazi kwa mkono wake wa kushoto, akipiga mluzi. Nikarudi kinyumenyume nikafunga mlango.

Festo alirudi Makambako siku hiyo hiyo, na mimi nilicheka njia nzima kwenda nyumbani. Kicheko kiliisha Upendo aliponipigia simu wiki ile ile. Festo alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, akawaacha wapakiaji wamalize peke yao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aufungue uwanja ule.

"Mama," akasema, "mimi siko tayari kuvaa nguo nyeusi kwa sababu ya shati."

Nilikata simu nikaenda Yakobi kwa Mzee Mbilinyi.

Huyu ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa ile. Ndiye aliyeleta maneno ya kina Sanga kwetu na kurudisha yetu kwao, na anajivunia kwamba hakuna neno lililowahi kumwagika njiani. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mficha uchi hazai."

"Ameshazaa, mzee. Ana watoto watatu."

"Basi na awaone wakikua." Akaweka gunzi chini. "Siku ya mahari alikuletea blanketi la mama. Liko wapi?"

Nikamwambia liko kitandani kwangu, ndilo ninalojifunika.

"Lile lilipita mikononi mwake likaja mikononi mwako, na hapakuwa na aibu. Lisimamisheni kati yenu. Yeye huku, wewe kule. Na maneno nitayabeba mimi, kama nilivyoyabeba mwanzo."

Nililipeleka blanketi hospitalini. Ni lile zito la kijivu lenye mistari myekundu. Tukalitundika kati ya nguzo mbili za kuning'inizia dripu, kitanda kikiwa upande mmoja, mimi na mashine upande wa pili. Likabaki jambo moja: mkono wangu upite wapi. Nilichukua mkasi wa bandeji nikapima kimo cha kitanda, nikatafuta mahali pa kukata. Mikono yangu iliyopelekwa Dar kwa sababu haitetemeki ilitetemeka. Kulikata blanketi la mahari si jambo dogo. Nikakata tundu la kutosha ngumi na kichwa cha mashine, basi.

Festo akaja. Mzee Mbilinyi akakaa kwenye kiti kichwani mwa kitanda, amevaa koti lile lile la siku ya posa. Festo akatembea na viazi vyake mpaka akasema miguu imechoka, akashushwa haraka, akalazwa kwa ubavu wa kushoto. Nikapitisha mkono tunduni. Nikazipata mbavu, nikaipata nafasi, nikauona moyo, ila pafu lilikuwa linaufunika nusu.

"Mzee, mwambie atoe pumzi, aishikilie."

Mzee Mbilinyi akarekebisha koti. "Bwana Sanga, kamwene."

"Kamwene, mzee," Festo akajibu huku anahema.

"Mama yako hapa nyuma ya blanketi anakusalimu sana. Anauliza habari za Makambako."

"Ni nzuri tu, mzee."

"Anashukuru kusikia hivyo. Ana ombi moja, nalo si ombi kubwa. Anasema, kama haitakuwa usumbufu kwako na kwa ukoo wako…"

Ombi lilipofika, moyo ulikuwa umeshatulia. Nilipata picha nzuri, safi kabisa, ya watu wote wanalima pamoja. Daktari Komba akaitazama, akatikisa kichwa. "Wamepumzika," akasema. "Hatujaona kitu."

Festo alipumzishwa mpaka mapigo yakarudi chini, daktari akampima presha, akambandika tena nyaya, akasikiliza kifua. Kisha akaja upande wangu wa blanketi akaniambia polepole, "Ni mara moja tu zaidi. Leo sitaupandisha moyo huu kilima mara ya tatu. Na akitoka hapa bila jibu, wewe unamjua kuliko mimi kama atarudi."

Nilimjua. Angebandika karatasi ya pili ukutani pembeni ya leseni.

Akapanda tena. Nilimsikia anatembea, tenga linalia begani, mkanda unapanda. Safari hii hakusema miguu. Alisema, "Daktari, kinaanza kubana," na daktari akasimamisha mkanda pale pale. Akalazwa. Mkono wangu ukapita. Mbavu zake zilikuwa zinapanda na kushuka kwa nguvu, jasho linateleza pamoja na jeli. Nikaupata moyo, ukapotea nyuma ya pafu, nikaupata tena nusu.

Mzee Mbilinyi akakohoa. "Bwana Sanga, kamwene."

"Festo," nikasema.

Mzee Mbilinyi alifunga mdomo, na hilo si jambo la kila siku. Tangu amwoe binti yangu sikuwahi kulitamka jina lile akiwa anasikia.

"Toa pumzi yote. Usivute nyingine. Shikilia hapo hapo."

Mbavu zikatulia chini ya mkono wangu. Pafu likaondoka njiani, na moyo wa mkwe wangu ukajaa kwenye skrini wote. Kuta tatu zilikuwa zinapiga jembe kwa nguvu. Ukuta wa mbele ulikuwa umesimama. Ulitikisika tu kwa kuvutwa na wenzake. Daktari Komba, aliyekuwa anapiga mluzi nyuma yangu, akaacha katikati ya ubeti.

Nimeona mioyo mingi inayobaki nyuma, na siku zote huwa nafurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu picha nzuri ni picha nzuri. Siku ile niliogopa. Nilikuwa nashika, kwa mkono wangu mwenyewe, kile kitu kilichomwangusha baba yake Bulongwa. Lakini mkono haukutetemeka. Nikarekodi upande mmoja, nikageuza, nikarekodi wa pili.

"Pumua, mwanangu," nikasema.

"Asante, mama," akajibu kutoka upande wa pili wa blanketi. "Ni gesi?"

"Si gesi."

Kisha akasema, "Basi msimu wa mbao umeisha."

Nawakumbusha ninyi mnaobaki kwamba eko haikuonyeshi mshipa uliozibika. Inakuonyesha msuli wenye njaa, na kwa njaa hiyo unajua mshipa gani umelala. Kuuona mshipa wenyewe kulimpeleka Festo Dar, ambako walimpitishia mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono, wakamwaga dawa, wakapiga picha. Mshipa mkubwa wa mbele ulikuwa umebakiza uwazi kidogo sana. Wakautanua palepale na kuuwekea kiwaya cha kuushikilia usijifunge. Festo alimuuliza daktari wa huko kama kile kiwaya kimepakwa dawa. Akaambiwa ndiyo, kimepakwa. Akasema vizuri, maana kitu kisichopakwa dawa hakidumu, mchwa wanaingia.

Alirudi Makambako amekonda, ameacha sigara, anasimamia wanaopakia badala ya kupakia, na anawasumbua kwa kuwaambia wapumzike. Mkidhani ukwe uliisha siku ile, mmekosea. Mara ya kwanza kukutana naye sokoni baada ya hapo, aliingia tena pembeni. Ila safari hii alitazama kwanza kama kuna nyanya.

Mwaka huu niliposhika barua ya kustaafu, Mzee Mbilinyi alikuja nyumbani na koti lake, amebeba blanketi jipya kwenye mfuko wa plastiki. Alisema Bwana Sanga anasalimu, anauliza habari, na ana ombi ambalo si kubwa: amesikia kutoka kwa watoto kwamba bibi bado anajifunika lile blanketi lenye tundu, na yeye kama mkwe anaona haya. Nililipokea jipya, nikashukuru, nikawapa wajukuu.

Upendo aliniuliza kwa nini basi silishoni la zamani, maana baridi ya mwezi wa saba inaingia pale pale kwenye tundu na kunikaa begani. Ni kweli inaingia. Huwa inaniamsha, nalaani kidogo, navuta blanketi juu, na tundu linanifuata. Halafu nakumbuka ni baridi ya nini, nalala. Ikinipiga hapo, najua Festo yu hai.